Hotuba ya Kamati kwa Mafundi wa Chuma, Siku ya Kumbukumbu ya Karakana



Wengi wetu tulivuka mpaka bila shamba wala ng'ombe. Ufundi tulivuka nao, kwa kuwa umo mikononi na machoni. Ndiyo maana leo tunazungumza juu ya grainda, mashine inayotupatia milango, majiko na vitanda, na ambayo kwa dakika moja inaweza kumnyang'anya fundi jicho au mkono.

Kwanza, kifuniko cha kinga. Wapo wanaokifungua ili grainda ndogo ipokee diski kubwa. Ndugu zetu, tupige hesabu. Diski ya kukatia ya milimita 230 kwa kawaida huandikwa kikomo cha mizunguko kama 6,600 kwa dakika. Grainda ndogo nyingi huzunguka mara 11,000. Hapo ukingo wa diski hukimbia zaidi ya mita 130 kwa sekunde, na kikomo chake ni mita 80. Ikipasuka, hakuna cha kuzuia vipande.

Pili, tuisome diski kabla ya kuifunga. Kwenye pete ya chuma ya katikati huandikwa tarehe ya mwisho. Iliyopitwa na tarehe, yenye ufa au iliyolowa mvua itupwe. Wakati wa kubadili diski, waya uchomolewe kwenye umeme.

Tatu, pipa tupu lililokuwa na petroli lisikatwe kwa grainda. Mvuke uliobaki ndani hushika cheche, na pipa hulipuka.

Nne, miwani ya kinga ivaliwe. Ya jua haitoshi. Shali, kitenge na mikono ya shati inayoning'inia visikaribie mashine.

Wageni wetu, tuna ombi. Mkataba Na. 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, unakataza mfanyakazi kutumia mashine bila kinga yake, na unakataza pia kumlazimisha. Basi mnapopanga siku ya kukabidhiwa madawati, wekeni na muda wa kuyatengeneza kwa usalama. Mnapoleta diski, leteni na miwani.

Mafundi, tusiseme "leo tu". Dawati lisipokwisha leo litakwisha kesho. Kidole kikikatika hakioti tena.