Ushujaa wa Mkono Unaojizuia

Hotuba kwa askari, familia zao na wananchi katika ibada ya pamoja kambini



Nimeombwa nizungumze juu ya imani na ushujaa, nikichota mifano kutoka kwa mashujaa wa vita wanaosimuliwa katika Biblia. Mtu akitaja mashujaa hao, mawazo hukimbilia upanga, damu na ngome zilizobomolewa. Sisi tulio hapa hatukuapa kwenda kuteka miji. Ibara ya 212 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imetupa kazi nyingine: kulinda uhai na mali, kudumisha sheria na utulivu, kuzuia na kugundua uhalifu, na kushirikiana na mamlaka za kiraia, vyombo vingine vya usalama na wananchi kwa jumla. Kwa hiyo leo sitauliza ni nani aliyeua wengi. Nitauliza jambo linalomhusu kila mtu aliyekabidhiwa silaha: nguvu yake inatoka wapi, na inakoma wapi?

Tuanze na Gideoni. Kitabu cha Waamuzi kinatuonyesha mtu huyu akipura ngano ndani ya shinikizo la zabibu, mahali pasipo pa kazi hiyo, ili Wamidiani wasimwone. Alikuwa amejificha. Hapo hapo mafichoni ndipo alipoitwa shujaa. Aliomba ishara, kisha akaomba nyingine. Usiku wa kuamkia vita aliteremka na mtumishi wake hadi pembeni mwa kambi ya adui, kwa kuwa moyo wake ulikuwa bado unatetemeka, na akarudi akiwa ametiwa nguvu na maneno aliyoyasikia kule.

Tazameni pia hesabu ya jeshi lake. Alianza na watu 32,000. Ikatangazwa kwamba aliye na hofu arudi nyumbani, wakaondoka 22,000. Waliobaki 10,000 walipelekwa majini. 300 wakachota kwa kiganja na kuramba, wengine wakapiga magoti kunywa. Akabaki na wale 300. Ndugu zetu Waislamu wanalifahamu jaribio linalofanana na hilo katika kisa cha Taluti na jeshi lake mtoni, kabla Daudi hajamshinda Jaluti. Funzo ni moja: wingi wa watu na silaha si kipimo cha nguvu. Na hofu si aibu. Askari anayeingia usiku katika nyumba yenye mtu mwenye panga, halafu akasema hakuogopa, ama anatudanganya ama hajaelewa hatari iliyokuwa mbele yake. Imani haiondoi hofu. Imani huizuia hofu isishike usukani. Hofu ikishika usukani, ndipo kidole huvuta kifyatuo kabla jicho halijatambua kilicho mbele.

Jambo la pili linapatikana katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 22, na wahusika wake hawana hata majina. Mfalme Sauli alimshuku kuhani Ahimeleki kwa kuwa alimpa Daudi mikate na upanga wa Goliathi. Kuhani alijitetea kwa adabu: alimjua Daudi kuwa mkwe wa mfalme na mtumishi wake mwaminifu, wala hakuwa na habari ya njama yoyote. Sauli hakuchunguza. Aliwageukia walinzi waliosimama karibu naye akawaamuru wawaue makuhani. Walinzi wale hawakunyosha mikono yao.

Tulitafakari tendo hilo. Hawakumshambulia mfalme, hawakuasi, hawakutupa silaha na kukimbia. Walibaki mahali pao, katika nidhamu, na mikono yao ikakataa. Walijua kwamba hasira iliyowaelekea makuhani ingeweza kuwageukia wao. Kisha akapatikana mtu mmoja, Doegi Mwedomi, aliyekuwa tayari. Siku ile aliua makuhani 85, na mji wa Nobu ukapigwa pamoja na wanawake, watoto na wanyonyao.

Wapo watakaosema kwamba kukataa kwa walinzi hakukusaidia kitu, maana makuhani walikufa vilevile. Lakini damu ile haikuwa juu ya mikono yao, na kitabu kimelihifadhi tendo lao hadi leo. Linganisheni na Yoabu, jemadari hodari kuliko wengi. Aliletewa barua ya kumweka Uria Mhiti mahali ambapo vita vilikuwa vikali, na aliyeibeba barua hiyo ni Uria mwenyewe, askari mwaminifu aliyekataa kwenda kulala nyumbani kwake ilhali wenzake wako uwanjani. Yoabu alisoma, akatii. Uria akafa, na askari wengine wasio na habari ya lolote wakaanguka pamoja naye. Utii uliokosa dhamiri ulimfanya jemadari kuwa chombo cha kuficha dhambi ya mtu mwingine.

Sisemi haya ili kuchochea utovu wa nidhamu. Jeshi bila utii ni umati wenye sare. Askari hachagui amri halali aipendayo na kuiacha asiyoipenda. Ninachosema kimo ndani ya sheria yenyewe. Katiba yetu imekataza mateso, na katazo hilo ni miongoni mwa haki zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote. Sheria ya Kuzuia na Kukataza Mateso ya mwaka 2012 imeweka wazi kwamba amri ya mkubwa si utetezi kwa aliyemtesa mtu. Siku ya kusimama mbele ya hakimu, kila mkono utajibu kwa kazi yake. Vijana wetu wapya, lishikeni hilo. Nanyi maafande wenzangu, tusimweke kijana mahali ambapo atalazimika kuchagua kati ya kuwa mlinzi wa Sauli na kuwa Doegi. Anayetoa amri ndiye wa kwanza kuulizwa.

Jambo la tatu linatupeleka jangwa la Engedi. Sauli alikuwa anamwinda Daudi akiwa na watu wateule 3,000. Akaingia peke yake katika pango, bila kujua kwamba Daudi na watu wake wamejificha ndani kabisa. Watu wa Daudi walimnong’oneza kwamba hii ndiyo siku iliyoahidiwa. Daudi alikata pindo la vazi la mfalme tu, na hata kwa hilo moyo wake ukamchoma. Akawazuia watu wake, akamwacha adui yake atoke salama, kisha akamwita kutoka mbali na kumwonyesha kipande kile cha nguo.

Kila kituo cha polisi kina pango lake. Ni chumba cha mahabusu. Mtu aliyetutukana barabarani, aliyemjeruhi mwenzetu, au aliyetusumbua miezi kadhaa, siku moja huingia humo akiwa peke yake, bila mkanda, bila viatu, wala jamaa wa kumtetea. Hapo ndipo ushujaa wetu hupimwa, wala si pale anapokuwa na panga mkononi. Kumpiga mtu aliyefungwa pingu hakuhitaji moyo wowote. Kumwandikia maelezo yake kwa haki, kumfahamisha ndugu yake alipo, na kumfikisha mahakamani ndani ya saa 48 kama Katiba inavyotaka, hiyo ndiyo kazi ya shujaa. Aliye na nguvu na akajizuia ameshinda mara mbili.

Sasa tuje katika Agano Jipya. Luka anasimulia kwamba Yohana Mbatizaji alipokuwa akihubiri toba karibu na Mto Yordani, askari nao walimwendea, wakamwuliza wafanye nini. Hakuwaambia wavue sare. Aliwapa mambo matatu: wasimnyang’anye mtu kwa nguvu, wasimsingizie mtu, na waridhike na mshahara wao. Ni miaka karibu 2,000 imepita, na ukiyaweka mambo hayo kando ya malalamiko yanayofika katika ofisi ya uhusiano, utadhani yaliandikwa wiki iliyopita.

Dhamana ya polisi ni bure. Bango linalosema hivyo limebandikwa vituoni, na mwananchi analisoma. Bango likisema bure, na mkono ulio chini yake ukasubiri kitu, tunakuwa tumemfundisha mama yule kwamba maneno ya serikali hayana maana. Naujua mshahara wa askari, maana na mimi naupokea. Naijua karo ya shule, najua bei ya unga na mkaa. Yohana hakusema kwamba mshahara wa askari wa siku zile ulikuwa mkubwa. Alisema kwamba udogo wa mshahara haumhalalishii mwenye silaha mali ya asiye na silaha. Madai ya maslahi yetu yana njia zake, nasi tuyapeleke kwa wakubwa wetu. Hayapelekwi mfukoni mwa mwendesha boda boda.

Yuko pia akida wa Kapernaumu, ambaye mimi namhesabu kuwa mwalimu wa kila afisa uhusiano. Huyu alikuwa mtu wa mataifa, mwenye kuongoza askari mia, katika nchi iliyokuwa chini ya utawala wa wageni. Kwa desturi wenyeji wangemchukia. Mtumishi wake alipougua karibu kufa, ni wazee wa Wayahudi wenyewe waliokwenda kwa Yesu kumwombea. Walitoa ushahidi kwamba analipenda taifa lao na kwamba ndiye aliyewajengea sinagogi. Naye alipotuma ujumbe, alisema hastahili Yesu aingie nyumbani mwake. Neno moja lingetosha, kwa kuwa yeye mwenyewe alielewa mamlaka: alikuwa chini ya wakubwa, na walikuwapo askari chini yake. Yesu aliistaajabia imani hiyo.

Ninataka kila mkuu wa kituo ajiulize: nikipatwa na shida leo, je, wazee wa mtaa huu watafunga safari kwa ajili yangu? Heshima ya namna hiyo haiji kwa ving’ora. Akida yule aliipata kwa kuwapenda watu waliokuwa chini ya ulinzi wake, na kwa kukumbuka kwamba naye alikuwa chini ya mamlaka. Afisa anayesahau kwamba yuko chini ya sheria huanza kudhani kwamba yeye ndiye sheria.

Mwisho, nina neno kwa wananchi, na kwa hilo nitawaleta kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 21 hadi ya 23. Huko Yerusalemu umati ulimkamata Paulo, ukamtoa hekaluni, ukawa unampiga ili umwue. Jemadari wa kikosi cha Warumi, Klaudio Lisia, aliposikia kwamba mji umechafuka, alikimbia huko na askari wake. Umati ulipowaona, uliacha kupiga. Hapa huku kwetu tunaujua umati huo. Sauti moja hupaza neno mwizi, na kabla ya nusu saa mtu ameuawa kwa mawe, bila mlalamikaji wala ushahidi. Askari anayefika na kusimama kati ya mshukiwa na mawe hamteti mwizi. Anatetea haki yako wewe, siku ambayo neno hilo litaelekezwa kwako kimakosa.

Kisha watu zaidi ya 40 walikula kiapo kwamba hawatakula wala kunywa mpaka wamwue Paulo. Mtoto wa dada yake akasikia habari hiyo. Alikuwa kijana tu, lakini alikwenda ngomeni kutoa taarifa. Lisia hakumfukuza wala hakumdhihaki. Alimshika mkono, akamchukua kando, akamsikiliza hadi mwisho, na akamwagiza asimwambie mtu kwamba ametoa habari hizo. Usiku ule ule, saa tatu, askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200 walimtoa Paulo mjini. Watu 470 walitumwa kumlinda mfungwa mmoja, kwa taarifa ya kijana mmoja.

Katika kisa hicho kila upande una wajibu wake. Mwananchi, ukisikia njama, njoo useme. Ushujaa wa kijana yule haukuhitaji upanga. Na wewe askari uliye kwenye dawati, anapokuja mtu na taarifa, mchukue kando, msikilize, na ulifiche jina lake kama unavyoificha silaha yako usiku. Taarifa ikivuja kutoka kituoni mara moja tu, kijiji kizima hufunga kinywa kwa miaka.

Ndugu zangu, mashujaa hawa hawakuwa malaika. Gideoni baada ya ushindi wake alitengeneza naivera ya dhahabu, nayo ikawa mtego kwake na kwa nyumba yake. Daudi aliyejizuia pangoni ndiye aliyeiandika ile barua ya Uria. Kwa hiyo imani si cheo ambacho mtu akishapandishwa hashuki. Ni zamu. Inapokelewa kila asubuhi, na kila jioni tunaulizwa tulivyoilinda. Twendeni tukaishike zamu yetu, na Mwenyezi Mungu ailinde mikono yetu, inapotumwa na inapojizuia.