Debe ni Chombo, Kilo ni Kipimo



Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Hawakutaja kilo, kwa kuwa kibaba ndicho walichopimia nafaka, na vibaba vinne vilifanya pishi. Majina ya vipimo vya mazoea yalitokana na vitu vya kushikika. Shubiri na dhiraa zilitoka katika mkono wa binadamu. Debe lilitokana na bati la mafuta ya taa la galoni nne, yaani takriban lita 18. Sado ya sokoni nayo ilirithi jina la kopo la rangi.

Majina ya mfumo wa metriki yamejengwa kwa njia nyingine. Asili ya neno kilo ni Kigiriki, na maana yake ni elfu. Kilogramu moja ni gramu 1,000, iwe Dodoma, iwe ng'ambo. Jina lenyewe hutaja kiasi, wala halitegemei chombo.

Hapo ndipo tofauti inapomgusa mkulima. Debe hupima ujazo, si uzito: debe la alizeti huwa na karibu nusu tu ya uzito wa debe la mahindi. Aidha, debe lililogongwa likatanuka ubavu, au lililojazwa hadi nafaka ikafanya kichuguu, bado huitwa debe moja.

Gunia nalo ni vivyo hivyo. Mkulima akipatana bei ya gunia la madebe sita, kisha mnunuzi akashona lumbesa ya madebe saba, debe moja limekwenda bure. Akiuza magunia sita kwa namna hiyo, ametoa gunia zima lisilolipiwa, ambalo lingeilisha kaya yake katika miezi ya njaa.

Lumbesa imekatazwa chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inayosimamiwa na Wakala wa Vipimo. Kwa hiyo, kabla ya kutaja bei, muuzaji adai mizani iliyohakikiwa na Wakala huo. Aone kwanza kuwa inasoma sifuri ikiwa tupu, kisha asome kilo mwenyewe na kuziandika.

Hakuna anayetakiwa kuyasahau majina ya wazee. Kibaba na pishi vibaki katika methali na mazungumzo. Malipo ya mazao yahesabiwe kwa kilo.