Ngisi, Bunju na Mishipa ya Fahamu: Mada kwa Wahudumu wa Afya na Wavuvi wa Kilwa Kisiwani



Nimeombwa nieleze mfumo wa fahamu na maradhi yake. Vitabu huanzia kwenye ubongo. Kwa hapa Kisiwani naona njia fupi ni kuanzia kwa ngisi.

Ngisi akishtuka hujirusha kinyumenyume kwa kusukuma maji. Amri ya kufanya hivyo hupita katika uzi wa fahamu wenye unene wa hadi milimita 1, unaoonekana kwa macho. Nyuzi zetu, mmoja mmoja, hazionekani. Ndiyo maana Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, walimtumia ngisi katika maabara ya Plymouth. Walipenyeza waya ndani ya uzi wake, na mwaka 1952 wakaeleza habari husafirije mwilini. Mwaka 1963 wakatunukiwa tuzo ya Nobel. Uzi ukiwa umetulia, sodiamu, ile iliyomo katika chumvi, huwa nyingi zaidi nje kuliko ndani. Uzi ukiamshwa, vilango vidogo kwenye ukuta wake hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi, umeme wa pale hubadilika, na badiliko hilo huamsha vilango vya mbele yake, hivyo hivyo hadi mwisho. Kwa binadamu, nyuzi za kasi hupeleka habari takriban mita 100 kwa sekunde.

Sasa mtazameni samaki bunju. Mwaka 1964 Mjapani Toshio Narahashi na wenzake walionyesha kwamba sumu yake huziba vilango hivyo hivyo vya sodiamu. Sumu hiyo hukaa zaidi kwenye ini, mayai na ngozi, na moto wa jikoni hauiondoi. Aliyekula huanza kuhisi ganzi midomoni na ulimini, kisha vidoleni. Miguu hulegea, na hali ikizidi misuli ya kupumua husimama. Moyo huendelea kupiga. Mgonjwa aliyelala kama gogo anaweza kuwa anasikia kila neno, hata la yule anayeuliza sanda iko wapi. Dawa ya kuitangua sumu hiyo haipo. Kinachookoa ni kupumuliwa, kwa mdomo au kwa mashine, mpaka mwili uitoe wenyewe. Kwa hiyo asiachwe kwa sababu tu hajibu.

Katika degedege na kifafa mambo ni kinyume: seli nyingi za ubongo hurusha umeme kwa pamoja bila mpangilio. Degedege la homa huwapata zaidi watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5. Pwani yetu malaria ni sababu kubwa, ingawa homa ya uti wa mgongo nayo huingia hivyo hivyo. Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba degedege huletwa na ndege wa usiku, kwamba mtoto afukizwe kinyesi cha tembo, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Hilo la sindano silicheki. Limetokana na watu kuona kwa macho yao: mtoto amezungushwa kwa siku mbili, amefika hospitali malaria imeshapanda kichwani, amechomwa sindano, amefariki. Kilichomuua ni zile siku mbili.

Mtu akianguka kifafa, mlazeni ubavu, sogezeni vitu vigumu, msimtie kijiko mdomoni, tazameni saa. Dakika 5 zikipita, ni safari ya hospitali. Na mate yake hayaambukizi. Huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alikuta wagonjwa wakitengwa kwa hofu hiyo, wengine wakiwa na makovu ya kuangukia motoni. Kuanzia miaka ya 1960 kliniki yake iliwatibu kwa vidonge vya bei nafuu, vikiwemo vya fenobabito, na wengi wakapata nafuu.

Kiharusi nakipitia haraka kwa sababu mtakisikia kwenye mada ya presha. Mshipa wa damu ubongoni huziba au hupasuka. Utafiti wa miaka ya 2003 hadi 2006 ulikuta, kwa mwaka, takriban wagonjwa wapya 109 kwa kila watu 100,000 wilayani Hai na 316 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Uso ukipinda upande, mkono ukikataa kuinuka au maneno yakivurugika ghafla, andikeni saa hiyo. Daktari ataiuliza kabla ya kitu kingine. Anayesema ni upepo mbaya, basi mgonjwa asomewe dua akiwa njiani.

Hospitali ya wilaya, Kinyonga, iko Kilwa Kivinje: kwanza tuvuke maji hadi Masoko, kisha barabara. Kwa hiyo napendekeza mjadala wetu baada ya chai uanze na mambo mawili: boti ipi yenye mashine itakuwa zamu usiku na mafuta yake yatatoka mfuko gani, na nani kati ya manahodha atakubali kufundishwa wiki hii namna ya kumpumulia mgonjwa.