Trekta Halisukumi Haro Chini, na Tanboi Si Uzito

Hotuba kwa wakulima, wenye matrekta, madereva na tanboi kabla ya msimu wa kulima



Kabla ya mvua ya masika ardhi huwa imekauka kama saruji. Trekta dogo la nguvu za farasi 30 au 40 linaingia shambani, haro inateremshwa, na diski zinapita juu juu zikikwaruza tu. Mwenye shamba ananung'unika kwamba analipia ekari nzima na udongo haujaguswa. Dereva anashusha liva ya haidroliki hadi mwisho. Hakuna kinachobadilika. Ndipo tanboi anapoambiwa apande juu ya haro ili awe uzito.

Mtu aliyekaa juu ya haro ana diski chini ya miguu yake. Trekta likigonga kisiki au shimo, anaanguka mbele ya diski zile zile, na dereva anaangalia mbele. Hana pa kushika wala muda wa kupiga kelele. Jambo la kusikitisha ni kwamba hatari hii yote inatokana na dhana isiyo sahihi kuhusu ile liva.

Watu wengi huamini kwamba kama haidroliki inaweza kunyanyua plau, basi inaweza pia kuikandamiza. Kwenye matrekta mengi, haiwezi. Pampu husukuma mafuta ndani ya silinda, pistoni inasogea na mikono miwili ya nyuma inapanda. Liva ikishushwa, mafuta hayaendi upande wa pili wa pistoni kusukuma chini. Yanaachiliwa tu yarudi yalikotoka, na kifaa kinashuka kwa uzito wake chenyewe. Ni kama ndoo ya kisimani: kwa kamba unaivuta juu au unailegeza ishuke, lakini huwezi kuisukuma. Anayetilia shaka afungue kifaa, azime injini, ashushe liva kabisa, kisha ainue mikono ya chini kwa mkono. Itapanda bila kubishana naye.

Hiyo si kasoro ya kiwanda. Mfumo huu wa kufunga kifaa kwa ncha tatu ni kazi ya Harry Ferguson wa Ireland. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alipewa kazi ya kuangalia jinsi matrekta yanavyolima huko kwao. Plau za siku hizo zilikokotwa kwa mnyororo kama mkokoteni, na zikikwama kwenye mwamba, trekta jepesi liliweza kupanda mbele na kumpindukia dereva. Ferguson alitafuta njia ya kuifanya plau na trekta kuwa kitu kimoja. Mwaka 1926 alipata hataza ya mfumo wake wa haidroliki. Mwaka 1939 ulitoka kwenye trekta la Ford 9N huko Marekani, na kuanzia 1946 kwenye Ferguson TE20 lililoundwa Uingereza. Jina lake bado limo kwenye Massey Ferguson zinazolima humu nchini.

Ujanja wake ulikuwa huu. Plau ikizama sana, udongo unaivuta nyuma na mkono wa juu, ambao mafundi huuita toplinki, unasukumwa kuelekea trekta. Msukumo huo unafungua vali, mafuta yanaingia na mikono inainua plau kidogo tu. Kwa kuinua hivyo, uzito wa plau na wa udongo unahamia kwenye magurudumu ya nyuma, na trekta jepesi linapata mshiko wa trekta zito. Kwa hiyo mfumo mzima umebuniwa kuchukua uzito kutoka kwenye kifaa na kuupeleka kwenye magurudumu. Mkulima anayetaka kifaa kikandamizwe anaomba kinyume chake.

Kuna mafundi hodari, na hili hawalikosi, wanaoweza kufunga silinda ya kusukuma pande zote mbili kwenye mikono ya nyuma. Yapo pia matrekta machache yanayotoka kiwandani hivyo. Kabla ya kulipa pesa, piga hesabu. Chukua trekta la mfano la kilo 1,200, magurudumu ya nyuma yakibeba 720, umbali kati ya ekseli mbili ukiwa mita 1.6, na kifaa kikiwa sentimita 90 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ukikandamiza kifaa kwa nguvu ya kilo 200, magurudumu ya nyuma yanapoteza kilo 312, si 200, kwa sababu kifaa kimekaa nje kama mtu kwenye ncha ya bembea. Yanabaki na 408. Ukikandamiza kwa kilo 460 hivi, hayana uzito wowote. Yatazunguka bure, na kwenye mteremko hata breki, ambazo kwa matrekta mengi ziko nyuma, hazitashika. Tena, kifaa kilichobanwa chini hakina nafasi ya kuruka jiwe. Kitu fulani lazima kipinde.

Lakini mawe au vyuma vya kilo 200 vikifungwa imara juu ya haro yenyewe, udongo unapata kilo 200 na trekta halipotezi chochote haro ikiwa ardhini. Haro nyingi zina fremu ya kubebea uzito. Hakikisha tu mikono inaweza kuinua jumla hiyo, na mbele ya trekta kusiwe kwepesi wakati wa kugeuka.

Kabla ya uzito, kuna marekebisho ya bure. Kwa haro, ongeza pembe ya safu za diski. Kwa plau ya diski, diski iliyolala sana haizami. Isimamishe zaidi, kwa kawaida kati ya nyuzi 15 na 25. Kwa plau ya majembe au ya patasi, fupisha toplinki kidogo ili ncha ielekee chini. Punguza mwendo. Tazama makali, kwani diski iliyoisha na kuwa butu haitazama hata ukiiwekea gunia kumi za mahindi. Na mara nyingi dawa ni kungoja mvua moja tu ilainishe udongo, ingawa kila mtu anataka kuwa wa kwanza.

Mashine ya kuchimba mashimo ya nguzo ndiyo yenye vishawishi vibaya zaidi. Inategemea uzito wake na skrubu ya ncha kujivuta chini, na kwenye ardhi ngumu huzunguka mahali pamoja. Vijana huning'inia kwenye boma lake. Shafti inayozunguka haichagui kati ya koti na mkono. Badilisha meno na ncha, mwaga maji shimoni jioni ili uchimbe asubuhi, na hakuna mtu kusogea shafti ikizunguka. Ikijikaza ardhini, zima injini kwanza, kisha izungushwe kinyume kwa spana.

Kwa kuwa mikono hushuka kwa uzito, hushuka hata injini ikiwa imezimwa. Mtoto akichezea liva, au mpira wa mafuta ukipasuka, plau inaanguka. Kila trekta linapoegeshwa, kifaa kilale chini, na fundi asiingie chini yake bila magogo imara.

Mafuta yanayovuja yasitafutwe kwa kidole. Tundu dogo kama la sindano hutoa mafuta yenye nguvu ya kupenya ngozi. Pitisha kipande cha katoni. Aliyepigwa na mafuta hayo, hata kama kidonda ni nukta tu na hakiumi, apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta ya haidroliki yaliyoingia mwilini.