Kashata za Sikukuu: Madai ya Nyumba Mbili

 

Wazee wamenitaka nizungumze juu ya kashata za nazi, ambazo ukoo wetu umezipika kila Sikukuu tangu enzi za Bibi kule Unguja. Huenda vijana wakaona kwamba jambo hili ni dogo mno kuhutubiwa. Lakini sote tunafahamu kwamba kwa ajili ya sinia moja la kashata, nyumba mbili za ukoo huu zimepitisha Idi mbili bila ya kupelekeana sahani. Moja iko Sulaimaniyah ya Riyadh, na ya pili iko Sulaimaniyah ya hapa Jeddah. Mitaa ina jina moja, damu ni moja, na kila nyumba inadai kwamba kashata zake ndizo za Bibi. Jeddah inasema za Riyadh ni mawe. Riyadh inasema za Jeddah ni uji.

Nimeona niyapime madai hayo kama tulivyokuwa tukiyapima mambo afisini: kwanza kumbukumbu, kisha ushahidi, ndipo uamuzi.

Kwa upande wa kumbukumbu, Bibi mwenyewe hakuandika kitu. Alihesabu nazi kwa idadi na sukari kwa kibaba. Tulichonacho ni karatasi mbili zilizoandikwa na binti zake wawili, kila mmoja kwa kumtazama akipika. Karatasi hizo zinakubaliana karibu katika kila jambo: nazi kavu mbili zilizokunwa kwa mbuzi, sukari nusu kilo, maji robo lita, hiliki kumi zilizotwangwa, na chumvi kidogo tu. Sukari na maji huchemshwa mpaka shira ivute uzi. Hapo hutiwa nazi, hiliki na chumvi, moto ukapunguzwa, na mwiko usipumzike mpaka nazi iachane na sufuria. Humiminwa katika sinia lililopakwa mafuta, ikasawazishwa, ikakatwa ingali vuguvugu. Zinapohitilafiana ni katika muda wa kusonga: moja inasema robo saa, nyingine nusu saa. Kila nyumba ilirithi karatasi yake, na kila nyumba imeishika kama hati ya shamba.

Sasa tutazame ushahidi. Jeddah iko ufukweni mwa Bahari ya Sham, na hewa yake ina unyevu mwingi. Sukari huvuta unyevu, na kwa hivyo kashata zilizoachwa wazi hapa hunata mapema. Riyadh iko bara, kiasi cha mita 600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni kavu. Kashata ile ile ikiachwa wazi kule hukauka na kuwa ngumu. Tena, kwa sababu ya kimo hicho, maji ya Riyadh huchemka kwenye nyuzi joto 98 hivi, wala hayafiki 100. Shira nayo hufikia uzito wake ikiwa na pungufu ya nyuzi kama mbili. Mpishi wa Riyadh anayefuata kipimajoto na kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani atakuwa amepitiliza bila ya kujua. Ongezeni hapo kwamba wa Riyadh mara nyingi hutumia nazi kavu ya paketi, ambayo haina maji ya kutosha, na wa Jeddah akipata nazi nzima huikuna mwenyewe.

Uamuzi wangu, basi, ni huu: hakuna nyumba iliyoharibu mapishi ya Bibi. Kila moja imeshika dakika, na Bibi hakupika kwa dakika. Alichukua tone la shira baina ya kidole gumba na cha shahada akatazama uzi. Alidondosha tone jingine katika maji baridi akangoja lifanye kidonge laini. Alisikiliza mwiko ukibadili sauti nazi inapoachana na sufuria. Alama hizo hufaa Unguja, Jeddah, Riyadh, Maskati na London, kwa kuwa ndani yake mna hesabu ya hewa, ya kimo na ya nazi yenyewe.

Ndugu zangu, alama hizi hazishikiki kwa karatasi. Katika wale waliosimama jikoni na Bibi, amebaki Shangazi peke yake. Macho yake yamepungua nuru, lakini vidole vyake vingali vikiujua uzi wa shira. Kwa wajukuu wetu wa Riyadh, utamu wa Idi umekuwa boksi la chokoleti kutoka barabara ya Tahlia. Jina hilo, ambalo barabara ililipata kutokana na kazi ya kusafisha maji ya bahari, asili yake kwa Kiarabu ni kutia utamu. Sioni ubaya wa chokoleti. Naona hasara kwa mtoto ambaye hatajua kwamba bibi wa bibi yake alikuwa na mkono wake.

Kwa hivyo naliomba baraza hili likubali mambo matatu. Kwanza, kabla ya Idi ijayo, kila nyumba ilete kijana mmoja, wa kike au wa kiume, apike mbele ya Shangazi naye ampimie shira kwa vidole vyake. Pili, karatasi zote mbili zichapishwe katika kijitabu chetu ubavu kwa ubavu, na badala ya muda ziandikwe alama. Tatu, asubuhi ya Idi hiyo, sahani ya kwanza ya Jeddah iende Riyadh na ya Riyadh ije Jeddah, katika kopo lenye kifuniko kizuri, na atakayeipokea asile na kipimo mkononi.