Wasia Ambao Hatuuandiki



Ndugu zangu katika imani, dada na kaka, tarehe 30 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wana haki ya kumrithi baba yao Muislamu. Wako walioshangilia, na wako waliosema dini imeingiliwa. Wengi wa pande zote mbili, wallahi, hawajaifungua Katiba. Hebu tuifungue.

Kifungu cha 170 kinaipa Mahakama ya Kadhi hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Basi, hapo ndipo mwisho wake. Tena wahusika wote wawe Waislamu na wote wakubali kuhukumiwa pale. Hilo "wakubali" ndilo zito: mmoja akikataa, Kadhi hana la kufanya, na shauri linaweza kwenda Mahakama Kuu. Huko nako, Sheria ya Urithi ilivyorekebishwa mwaka 1990 inataka mali ya Muislamu aliyefariki igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Sasa ugomvi uko wapi? Uko Kifungu cha 24(4). Kinaruhusu haki ya usawa ipunguzwe ili sheria yetu itumike mbele ya Kadhi, ila kwa kiasi cha lazima tu. Majaji waliona kumnyima mtoto kwa sababu ya namna alivyozaliwa kumepita kiasi hicho.

Tuliosoma madrasa tunajua fiqhi inasemaje. Mtoto huyu humrithi mama yake na jamaa za mama. Kwa baba hana hisa ya mirathi, kwa kuwa nasaba haijathibiti. Mimi naona mahakama ilivuka mpaka, maana hisa za Surat An-Nisaa hazikuwekwa na Kadhi hata jaji azipangue. Lakini swali la majaji siwezi kulipuuza: huyu mtoto amekosa nini? Karo anahitaji kama wenzake.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Kwa kuwa si mrithi, anaweza kuusiwa! Baada ya gharama za mazishi na kulipa madeni, baba anaruhusiwa kumuachia mpaka theluthi ya mali. Kikomo hicho tumekipata kwa kisa cha Saad bin Abi Waqqas (r.a.), aliyetaka kutoa zaidi akazuiwa hapo. Akiwa hai na mzima anaweza pia kumpa hiba, shamba au nyumba, amkabidhi kabisa. (Akingoja maradhi ya mauti, hiba hiyo huhesabiwa kama wasia.) Mlango huu sheria haikuufunga, ni sisi hatuupiti. Wazee wetu wanaogopa kuandika wasia kama kwamba kalamu ndiyo inayomuita Izraili. Mzee akishafariki, mjane na watoto wa nyumba ya pili wanakutana kortini, na wakili analipwa kwa mali ile ile.

Kwa hivyo Ramadhan hii, baada ya futari, muulize mzee wako kwa adabu. Uandikwe wasia, uwe na mashahidi wawili waaminifu, nakala moja ibaki kwa mtu asiye mrithi. Aliyekwisha kuwa na hisa yake, kama mke au mwana wa ndoa, asiongezewe kwa wasia ila warithi wenzake wakiridhia. Na madeni yaandikwe yote, hata yale ya dukani.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum.