Ratiba ya Shule Ianze na Mtoto wa Mbali

(Haya ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu na wazazi wa shule za sekondari za kutwa.)



Mmenipa heshima ya kuzungumza juu ya ratiba ya masomo wakati wa maradhi ya mlipuko. Wapo watakaoona kuwa hilo ni jambo dogo: karatasi yenye mistari, imebandikwa ukutani katika ofisi ya mwalimu wa taaluma. Lakini karatasi hiyo ni mgawanyo wa mali, na mali inayogawanywa ni wakati wa watoto wetu. Kama ulivyo mgawanyo wowote, yaweza kutenda haki na yaweza kudhulumu.

Tukumbuke yaliyotokea. Tarehe 16 Machi, 2020 nchi yetu ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19. Siku iliyofuata Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule, tangu za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Siku hizo zikarefushwa. Wanafunzi wa kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, wakapata wiki nne tu za kujiandaa, na tarehe 29 Juni wakaanza mtihani wao wa Taifa. Siku hiyo hiyo ndipo madarasa mengine yaliporejea. Tangu 17 Machi zilikuwa zimepita siku 104, yaani karibu wiki 15. Shule zilipofunguliwa yakatolewa maelekezo ya kuongeza saa mbili za masomo kila siku ili kufidia muda uliopotea.

Sina ugomvi na nia ya maelekezo hayo. Aliyepotewa na muda hana budi kuutafuta. Hata hivyo, yatupasa kupiga hesabu kabla ya kuridhika.

Tuchukue shule yenye vipindi 8 vya dakika 40 kwa siku, yaani vipindi 40 kwa wiki. Tukiondoa likizo ambazo zingekuwapo kwa vyovyote, tuseme zilipotea wiki 12 za masomo. Hivyo ni vipindi 480. Saa mbili za nyongeza ni vipindi 3 kwa siku, au 15 kwa wiki. Tangu 29 Juni hadi mtihani wa kidato cha nne, uliofanyika mwishoni mwa Novemba mwaka ule, zilikuwapo wiki 21. Mara 15, ni vipindi 315. Basi hata shule ambayo haikupata mwalimu mgonjwa wala siku ya mvua kubwa ingebaki na deni la vipindi 165. Deni hilo halilipiki kwa kurefusha siku peke yake.

Na siku yenyewe hairefuki sawa kwa kila mtoto. Katika shule ya bweni, saa mbili za nyongeza ni mwanafunzi kutoka darasani na kuvuka uwanja hadi bwenini. Katika shule ya kutwa mambo ni mengine kabisa. Shule iliyokuwa ikifunga saa 8:30 alasiri sasa itafunga saa 10:30. Mwanafunzi anayetembea saa mbili atafika kwao saa 12:30, giza likiingia. Ameondoka nyumbani alfajiri, pengine kwa kikombe cha chai ya rangi. Vipindi vile vitatu vya mwisho anavipokea kwa tumbo tupu huku akiitazama njia kupitia dirishani. Akiwa msichana, hofu ya njia hiyo huongezeka mara mbili, na kila mzazi aliyepo hapa anaijua sababu yake. Anayepanda basi naye anakutana na kondakta wa jioni asiyemtaka mwenye nauli ya mwanafunzi.

Kwenye daftari la mahudhurio wote wawili, wa bweni na wa kutwa, wameongezewa saa mbili. Kwa kweli mmoja ameongezewa masomo na mwingine ameongezewa mzigo. Hapo ndipo ratiba inapoacha kuwa hesabu ikawa suala la haki.

Ndugu zangu, yapo pia mawazo ya zamu: darasa ligawanywe ili wanafunzi wakae mbalimbali, nusu waje asubuhi na nusu mchana. Kiafya ni wazo zuri. Lakini mwalimu mwenye vipindi 24 kwa wiki, akifundisha kila kipindi mara mbili, atakuwa na vipindi 48, ilhali wiki nzima ya kawaida ina 40. Hatuna mwalimu wa chuma. Kama zamu haikwepeki, afadhali ziwe za siku badala ya saa: nusu ya darasa waje siku hii, nusu siku ya pili, na kila mmoja aondoke na kazi iliyoandikwa kwenye karatasi. Walau mtoto atasafiri mara chache, na siku anayosafiri atapata siku kamili ya masomo.

Hapa wazazi wanaingia. Mwaka 2020 masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni, na ilikuwa juhudi ya kusifiwa. Lakini kipindi cha redio hakimfai binti aliyetumwa kisimani saa kinapotangazwa. Siku ya kusoma nyumbani ni siku ya shule. Mzazi asiyemtengea mtoto wake saa mbili za utulivu anaivunja ratiba sawasawa na mwalimu mtoro.

Tuwatazame na jirani zetu. Kenya ilifunga shule Machi 2020, ikarudisha madarasa machache tu mwezi Oktoba, na wengine wote Januari 2021. Ili kufidia, mihula ilifupishwa, na kalenda ya kawaida ikarejea Januari 2023. Muda ulipatikana, lakini kwa gharama. Mwishoni mwa 2021 shule kadhaa za bweni ziliungua moto, watu wengi wakanyooshea kidole uchovu na hofu ya mitihani, na serikali ya huko ikalazimika kutoa mapumziko ya katikati ya muhula mwezi Novemba. Uganda ilikaa muda mrefu zaidi: shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari, 2022. Wenzetu hao walitambua kuwa karibu miaka miwili haifidiki kwa saa za jioni. Wakaupunguza mtaala na kufundisha yale ya msingi. Wahenga walisema, mtaka yote hukosa yote.

Sasa twendeni kwenye ya kutenda. Naomba kupendekeza mambo manne.

Kwanza, kila shule ya kutwa iwe na orodha ya wanafunzi inayoonyesha kila mmoja anakaa wapi, anatembea muda gani, au analipa nauli ya magari mangapi. Saa ya kufunga shule ipangwe kwa kumtazama yule wa mbali kuliko wote, ili afike kwao kabla ya giza.

Pili, vipindi vya kufidia vitolewe kwanza katika likizo. Wiki mbili za likizo zinatoa vipindi 80 vya mchana mweupe. Ni bora hivyo kuliko vipindi 80 vya njaa na usingizi. Na pale itakapobidi kurefusha siku, wazazi tuchangie mahindi na maharage. Anayekaa shuleni hadi saa 10 lazima ale.

Tatu, walimu wa kila somo wakae pamoja, watenge mada ambazo nyingine zote zinazitegemea. Mwanafunzi asiyejua milinganyo hatafika popote katika Fizikia, hata ukimwongezea saa tano. Mada hizo zipewe vipindi vya asubuhi, akili zikiwa bado safi.

Nne, ratiba ya dharura iandaliwe kabla ya dharura. Maradhi ya Marburg yalizuka Kagera mwaka 2023, yakarudi mkoani humo mwaka 2025. Nani atathubutu kusema hayatakuwapo mengine? Shule yenye ratiba ya pili kabatini, iliyojadiliwa na wazazi, itapoteza siku chache kuliko ile inayongoja waraka.

Nina neno moja la mwisho. Ratiba yoyote ya kufidia humhudumia aliyerudi tu. Shule zinapofunguliwa, kazi ya kwanza ya mwalimu wa darasa na mwenyekiti wa kijiji ni kulisoma daftari la mahudhurio na kuuliza nani hayupo, na kwa nini. Tangu Novemba 2021 Serikali imefungua mlango kwa wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito kurejea shuleni. Mlango huo hautamsaidia msichana ambaye hakuna aliyekwenda kumwita, wala yule atakayekuta ratiba inayomtaka awe darasani hadi jioni ilhali ana mtoto wa kunyonyesha.

Ndugu Mwenyekiti, mwalimu wa taaluma anapochukua rula na kalamu kupanga vipindi, anapanga pia ni nani atamaliza shule na nani ataishia njiani. Asiachiwe kazi hiyo peke yake.